Picha ya mtu si mali ya mwenye simu

Kamina, Haut-Lomami – Kwenye kituo cha treni, sokoni na mahali familia zilizokimbia makwao zinapopokea msaada, simu zinanyanyuliwa kila siku kupiga picha. Wengi husema: aliyesimama njiani anaonekana na wote, basi anaweza kupigwa picha na yeyote.

Hoja hiyo haisimami. Anayepita sokoni anaonwa na watu mia moja, kisha wanamsahau. Picha yake ikiingia WhatsApp, inabaki, na inaweza kufika hata kwa yule aliyemkimbia. Kwa mama aliyehama na watoto wake, hiyo si aibu tu, ni hatari: inaonyesha yuko wapi na yuko na nani.

Sharbat Gula alipigwa picha mwaka 1984, akiwa mtoto katika kambi ya wakimbizi Waafghani huko Pakistani. Mwaka uliofuata uso wake ulienea duniani kote kwenye gazeti la National Geographic. Yeye mwenyewe aliiona picha hiyo mwaka 2002.

Sheria ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2006 kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya binafsi. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 nayo inalinda habari za binafsi. Nchini Kenya, mwaka huo huo, ofisi ya kulinda data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi.

Wengine wanaogopa kwamba haki hii itawaficha wabaya. Hapana. Mtumishi anayedai franga barabarani, au anayegawa msaada kwa upendeleo, yuko kazini kwa jina la raia, na kazi yake ni ya kuchunguzwa. Aliyepanga mstari kungoja unga hana cheo cha kujibia.

Kuomba ruhusa kunachukua dakika moja: “Mama, naomba nikupige picha, itaenda mahali fulani.” Kwa mtoto, aulizwe mzazi. Na mama akikataa, simu irudi mfukoni, na unga wake usipunguzwe hata kikombe kimoja.