TENKI LA NYAMUSWA: DADA, MDUDU HAKULETWA NA FUNDI

Wiki hii habari ya mjini ni moja tu. Dada mmoja mwenye jina kubwa Instagram, jina kapuni, mzaliwa wa Nyamuswa kule Bunda, kaingia laivu usiku na kumuanika kijana aliyekuwa anamtunzia tenki la matumbawe. Kamuita mshamba, kamuita muuaji, kaposti mpaka sura yake. Mwisho kasema mshahara wa mwezi hatoi. Kisa? Tenki limejaa mdudu.

Kwa waliopitwa, stori iko hivi. Dada kamjengea mama yake nyumba nzuri kijijini, na sebuleni kaweka tenki la maji chumvi lenye matumbawe hai na taa za bluu. Kulipamba kulikula milioni kadhaa. Picha zilipotoka watu walimwagika kwenye komenti, "dada kaleta Bahari ya Hindi Ukizu". Kiki ikaenda vizuri. Halafu baada ya miezi michache vikaanza kuota vitu vya kahawia, vyembamba, vinaona mwanga kama glasi, vina minyiri kama kamnazi kadogo. Leo viwili, kesho kutwa kumi. Fundi, kijana wa palepale aliyemaliza kidato cha nne, akavikwangua kwa kisu kama alivyoagizwa. Baada ya hapo vikawa mia.

Timu Dada wanasema fundi kaua mali ya watu. Timu Fundi wanasema dada kazoea kudhalilisha. Ila katika kelele zote hizo hakuna aliyeuliza swali la msingi: huyo mdudu alifikaje Nyamuswa, zaidi ya kilomita 600 kutoka baharini?

Jibu ni rahisi. Alisafiri na mawe. Kiumbe huyo anaitwa aiptasia, ni jamaa wa matumbawe yenyewe, na huingia kwenye tenki akiwa amejificha kwenye mawe au kwenye kipande cha tumbawe kilichonunuliwa. Wafugaji makini mzigo mpya hawauingizi moja kwa moja. Wanauweka pembeni kwenye chombo kingine kwa wiki kadhaa, wanauchunguza, ndipo wanauingiza. Dada yeye alikuwa na haraka ya kuposti. Mzigo ulishuka mchana, jioni picha ziko hewani. Kwa hiyo mdudu alikaribishwa na mwenye nyumba mwenyewe, fundi kamkuta.

Na kile kisu? Hapo ndipo roho inauma. Aiptasia hakatwi. Kipande kidogo tu cha mguu wake kikibaki kwenye jiwe kinakuwa mnyama mzima. Ukimkwangua mmoja umepanda shamba. Wanaojua wanazima pampu, wanamfunika mmoja mmoja kwa uji mzito wa chokaa maalumu, wachache kwa siku ili maji yasibadilike ghafla. Wengine wanaweka konokono mdogo asiye na gamba anayeitwa Berghia, ambaye chakula chake ni aiptasia tu. Aiptasia wakiisha, naye njaa inammaliza. Sasa kijana wa Nyamuswa angeyajulia wapi hayo, wakati aliyemwajiri hakumpa hata siku moja ya mafunzo? Alipewa kisu na amri. Alichofanya ni kutii.

Tena kijana huyo kafanya mengi ambayo laivu haikuyasema. Maji ya tenki yakipungua kwa joto, chumvi haiondoki, inabaki na kuzidi ukali, kwa hiyo kila siku lazima uongeze maji baridi safi, sio ya chumvi. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na matumbawe hayapendi mchezo na kipimo hicho. Umeme ukikatika, pampu inasimama, hewa inaisha. Mtu wa kuamka saa nane usiku kuhangaika na hayo alikuwa fundi, sio aliyelala Dar. Kazi kafanya, basi alipwe.

Kosa la pili la dada ni ushauri anaouchukua kwenye komenti. Kuna mmoja kamwambia, "chemsha hayo mawe, utamaliza kazi". Ushauri huo ni hatari. Kuna matumbawe laini ya aina ya zoantidi ambayo baadhi yana palitoksini, sumu kali sana. Huko Ulaya na Marekani kuna watu waliochemsha mawe ya tenki wakavuta ule mvuke na kuishia hospitali. Hebu fikiria mama mtu mzima yuko jikoni Nyamuswa, sufuria inachemka, mtoto yuko Dar anasoma komenti. Tenki linanunuliwa upya, mama hanunuliwi.

Mwingine kamshauri aweke samaki "anayekula kila kitu". Hapo watu wa Mara wangetakiwa kuwa walimu wa nchi nzima. Sangara hakuwa samaki wa Ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950 na 1960, wazo likiwa ageuze furu wadogo kuwa minofu mikubwa ya kuuza. Minofu ilipatikana, viwanda vikaja, watu wakajenga. Lakini furu waliokuwa wa mamia ya aina walifyekwa, na wengi hawakuonekana tena. Kuna furu wa ziwa hili ambao mpaka leo wanatunzwa kwenye matenki Ulaya na Marekani ili wasipotee kabisa.

Sasa mlinganishe na gugu maji. Ua lile zuri la zambarau asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisambaa duniani kwa sababu watu walilipenda kama pambo. Likaingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likaziba mialo, mitumbwi ikakwama. Silaha mojawapo iliyosaidia ni fukusi wadogo wanaokula gugu hilo na kuacha mimea mingine. Sangara alikula kila alichokutana nacho, fukusi alikula adui peke yake. Kabla hujaleta mla adui, uliza akimaliza adui atakula nini.

Kubwa kuliko yote, dada katangaza kwamba mawe yote atayapakia kwenye gari na kwenda "kuyarudisha baharini" Dar. Komenti zimejaa makopakopa. Wadau, hilo sio jambo la kupigia makofi. Mawe yale hakuna anayejua yalitoka bahari gani wala yamebeba nini. Mwaka 1984 mwani wa mapambo uitwao Caulerpa ulionekana baharini chini ya jumba la samaki la Monaco, kipande cha kama mita moja ya mraba. Miaka michache baadaye ulikuwa umetapakaa pwani za Mediterania. Mwaka 2000 mwani huohuo ukakutwa California, na kuuondoa kulichukua miaka mpaka 2006. Vyote hivyo ni vitu vilivyotoka kwenye matenki.

Kuna watakaosema basi atupe Ziwa Victoria, kiumbe wa maji chumvi atakufa. Ni kweli, aiptasia hatapona ziwani. Ila mwenye wafuasi wengi akionekana anamwaga tenki ziwani, kesho mwenye samaki na majani ya maji baridi ataiga, na hayo yatapona.

Cha kufanya kipo. Matumbawe yaliyo hai apewe mfugaji anayejua, kwa kuwa ni wanyama, sio maua ya plastiki. Mawe yenye aiptasia yashikwe kwa glavu, yaanikwe nje juani, mbali na watoto na kuku, mpaka yakauke kabisa. Maji yasimwagwe shambani, chumvi itaua mihogo ya mama.

Halafu dada arudi laivu, wakati uleule, kwa watu walewale. Afute picha ya kijana, amuombe radhi, amlipe. Yeye akishindwa tenki atanunua sofa jipya na maisha yataendelea. Kijana yule anabaki Nyamuswa, anapita stendi kila siku, na watu wanamnyooshea kidole kwa kosa la mawe aliyoyakuta. Nani atampa kazi nyingine?

Wadau, Timu Dada au Timu Fundi? Komenti ziko wazi, ila matusi baki nayo.