Kabla hamjamtaja mchawi, mkono umegongwa?

Wadau wa Malindi, Watamu mpaka Kilifi mjini, leo atakayeudhika na audhike.

Mjomba wangu ni mtu wa boda. Mwaka jana vidole vilianza kufa ganzi. Vifungo vya shati vikamshinda, funguo zinamponyoka. Akaenda kliniki moja mara tatu. Mara tatu akadungwa sindano ya maumivu, akalipa, akarudi. Hakuna aliyemshika mkono amuangalie.

Nyumbani nako minong'ono ikaanza: "Huyu amechezewa." Macho yote kwa babu, eti mvi zimejaa na bado ana nguvu za kulima.

Mnajua mambo haya huishia wapi kwetu. Wazee wa Kilifi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, ushahidi ni mvi. Kule Ganze, Kaya Godoma inawahifadhi wazee waliokimbia jamaa zao wenyewe.

Mara ya nne akapata daktari aliyetoa nyundo ndogo ya mpira. Nilikuwepo. Akagonga mbele ya kiwiko: hapo anapima neva za shingo, ya tano na ya sita. Akagonga juu kidogo ya kifundo, upande wa kidole gumba: hasa ya sita. Nyuma ya kiwiko: ya saba. Kulia, halafu kushoto, analinganisha.

Akatueleza. Mkono ukinyamaza upande mmoja, huenda neva imebanwa inapotoka shingoni. Ukiruka kupita kiasi, shida huenda iko juu zaidi, kwenye ubongo au ndani ya uti wa mgongo. Wa mjomba uliruka. Akafyatua ukucha wa kidole cha kati, gumba likajikunja lenyewe!

Hakukimbilia kuhukumu, maana kuna watu wazima kabisa ambao mikono yao huruka hivyo. Akamtuma Mombasa akapigwe picha ya MRI. Jibu: uti umebanwa shingoni. Si jini. Si babu.

Mtaniambia foleni ni ndefu, madaktari wamechoka. Sawa. Lakini kugonga kote huko kulichukua dakika tano. Ziara tatu za sindano zilichukua miezi, na karibu zichukue mzee wa watu.

Kinachoniuma zaidi: watafiti wa KEMRI-Wellcome wako Kilifi tangu 1989, wanachunguza malaria ya ubongo na kifafa. Dunia inakuja kwetu kusoma ubongo, sisi bado tunasoma mvi.

Kwa hivyo ukiwa na ganzi au mkono umelegea, mwambie daktari kwa heshima: "Naomba unipime mikono, yote miwili." Ukilegea ghafla na mdomo umependa upande, hicho huenda ni kiharusi, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Na ukisikia "amechezewa", usiitikie. Uliza tu: mkono umegongwa?