Ati Mama Hafanyi Kazi?

Muulize baba wa Kolwezi: "Mke wako afanya kazi gani?" Mara nyingi atakujibu: "Hafanyi kazi, yuko nyumbani tu." Anapojibu hivyo, mama huyo amekwisha kuamka kabla ya jua, amechota maji, amewasha makala, ameosha watoto na kufua suruali ile ile ambayo baba ameivaa anapojibu. Neno hilo "tu" latuchukiza. Na siku hizi limezaa ndugu yake. Katika mitaa yetu, Manika, Kanina, Kapata, twasikia watu wakisema kwamba mama asiyeleta faranga jioni ni mdomo wa kulishwa, aende akaoshe mawe kama wenzake. Twataka kubishana na maneno hayo yote mawili. Hatutalia wala kuhubiri; tutafanya hesabu.

Hesabu ya kwanza ilifanywa zamani na wenye migodi wenyewe, na hao hawakuwa watu wa kutupa faranga. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza kwa kuleta vijana wasio na wake, kwa mikataba ya miezi michache, wengine kutoka mbali, Rodesia ya Kaskazini na baadaye Ruanda-Urundi. Kuwatafuta kulikuwa na gharama, kuwasafirisha kulikuwa na gharama, wengi waliugua na kufa, na waliopona walirudi kwao mara tu walipokwisha kuizoea kazi. Basi mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iligeuza mwendo. Ilitoa mikataba ya miaka mitatu, ikajenga nyumba za kambi, ikawahimiza wanaume waje na wake zao. Mke akapewa posho, na watoto posho yao. Je, ilikuwa huruma? Labda kwa wengine ilikuwamo. Lakini kampuni iliona pia kwamba mwanamume anayepikiwa na kutunzwa haugui ovyo wala hatoroki, na kwamba watoto wake ni wafanyakazi wa kesho, wamezaliwa mlangoni pa mgodi, bila nauli. Hatuusifu utaratibu ule, maana mama alihesabiwa humo kama sehemu ya chombo cha kazi cha mumewe. Ila twasema hivi: mgeni aliyekuja kuchimba shaba aliiona kazi ambayo mwenye nyumba leo haioni.

Wako wasomaji watakaofurahi hapa na kusema: "Naam, basi mama akae nyumbani." Wasifurahi upesi! Wazee wetu wanakumbuka yaliyofuata. Mali ya Union Minière ilitwaliwa na Serikali mwaka 1967, ikawa Gécamines, na posho, shule na hospitali vikaendelea. Katikati ya miaka ya 1980 shaba ilikaribia tani 500,000 kwa mwaka. Kisha, Septemba 1990, sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto ikaporomoka, nchi ikaingia katika fujo, na baada ya miaka michache shaba haikufika hata tani 50,000. Mishahara ilikaa miezi na miezi bila kulipwa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa malipo ya mara moja, na wengi malipo hayo yaliyeyuka kama chumvi katika maji. Katika miaka yote hiyo nani alilisha Musonoi na Kapata? Ni wale wale "wasiofanya kazi". Walilima mahindi na mihogo pembeni mwa mji, waliuza makala, mikate na samaki wakavu, na baba aliyekuwa na cheo akala bukari ya jembe la mkewe. Basi asitujie mtu na sheria kwamba fedha ni za mume na jiko ni la mke. Katika Kolwezi sheria hiyo ilivunjika zamani, na bahati nzuri ilivunjika, kwa kuwa tungalikufa njaa.

Turudi kwa leo. Madini yetu yatafutwa na dunia yote, maana zaidi ya nusu ya kobalti ya ulimwengu yatoka katika nchi yetu. Mama wengi wako ukingoni mwa mito na maziwa, wameinama majini tangu asubuhi, wakiponda na kuosha mawe. (Wachimbaji wengine huamini kwamba mwanamke akikaribia shimo, madini hukimbia. Ajabu! Shimoni madini humkimbia, lakini majini hukaa kimya mikononi mwake aoshwe kwa bei rahisi.)

Tuweke mfano, na kila msomaji aweke namba za nyumba yake. Tuseme siku njema mama apata faranga 8,000. Pikipiki ya kwenda na kurudi, 2,000. Chakula chake kule machimboni, 1,500. Mandazi kwa watoto walioachwa bila kupikiwa, 1,000. Jioni amechoka, hawezi kutwanga sombe. Anunua iliyokwisha twangwa, na kwa kila alichonunua tayari amezidisha 1,000. Zimebaki 2,500. Hapo hatujahesabu siku za mvua, wala siku ambayo mnunuzi amesema mawe ni hafifu, na mnunuzi ndiye mwenye mizani, ndiye pia mwenye mashine ya kupima. Wala hatujahesabu bustani ya nyuma ya nyumba, iliyokuwa ikitoa lengalenga bure na sasa imeota majani. Huenda faranga 2,500 ni sabuni na chumvi ambazo bila hizo nyumba haiendi. Kwa mjane hakuna la kuchagua, naye hatumwandikii yeye maneno haya, twamwinamia. Lakini baba anayesema "mke wangu aniletea 8,000" adanganya, na kwanza ajidanganya mwenyewe.

Tena kuna gharama moja ambayo hatukuiandika, nayo ni kubwa kupita zote. Mama yuko majini. Mtoto mchanga yuko wapi? Ama yuko mgongoni mwa mama, katika vumbi na maji yale yale, ama yuko mgongoni mwa dada yake. Kwetu mtoto humwita ndugu yake mkubwa "yaya". Huko Kenya neno hilo hilo ni jina la mtumishi anayelipwa ili alee watoto. Yaya wetu halipwi. Ana miaka tisa au kumi, na saa za masomo utamkuta mlangoni amembeba mdogo wake, akichochea makala. Tangu Septemba 2019 Serikali imeondoa malipo katika shule za msingi za umma. Wavulana wa nyumba hiyo wamekwenda. Yeye amebaki, kwa sababu shule ikiwa bure, yeye ni bure zaidi. Zile faranga 2,500 ndizo bei ya mwaka wake wa shule, na hakuna aliyemwuliza kama bei yampendeza.

Na wale wanaobebwa machimboni? Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza waliyoyapima katika mtaa wa Kasulo, mahali ambapo watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Waliikuta kobalti kwa wingi katika damu na mkojo wa wakaaji, na watoto walikuwa nayo kupita wakubwa. Baba mwenye hesabu aiweke na hiyo katika daftari, kama aijua bei yake.

Lakini lawama isiishie kwa baba. Wako waajiri, hasa wale wanaochukua kazi ndogo ndogo chini ya makampuni makubwa, wanaomwajiri kijana kwa siku au kwa mwezi na kumlipa kama asiye na mke wala mtoto. Akiwa nao, shauri lake! Hata kampuni ya wakoloni, na ubakhili wake wote, ilihesabu midomo ya nyumbani kabla ya kupima unga. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika wazi katika barua yake juu ya kazi, mwaka 1981, kwamba mshahara wa haki ni ule unaotosha kutunza jamaa, au kama sivyo, mama anayejitoa kwa ajili ya watoto wake apewe msaada wa fedha. Basi kiongozi wa kampuni anayeketi kanisani katika benchi la mbele siku ya Dominika, naye hulipa nusu ya hitaji la nyumba, asitueleze habari za mama kukaa nyumbani. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 yampa mama mfanyakazi majuma 14 ya kupumzika wakati wa uzazi, na theluthi mbili za mshahara wake. Vizuri sana. Lakini mwosha mawe amwonyeshe nani karatasi hiyo? Hana mkataba, na bwana wake ni yule mwenye mizani.

Tulimjua baba mmoja, mtu mwema, msomaji wa jumuiya yetu, aliyekuwa akisema kila mara kwamba yeye peke yake ndiye ailishaye nyumba. Mkewe alilazwa hospitalini siku nne. Siku ya kwanza alinunua chakula kilichopikwa. Siku ya pili alimlipa jirani achote maji na kufua. Siku ya tatu mtoto alipata homa, naye hakwenda kazini. Siku ya nne alikuja kwetu kukopa. Hatukucheka, au tulicheka kidogo alipokwisha kuondoka.

Tangu sheria ya Julai 2016 mke hahitaji tena ruhusa ya mumewe ili apate kufanya kazi ya mkataba, kama ilivyoagizwa na sheria ya jamaa ya mwaka 1987. Ruhusa basi haipo tena, yabaki mashauri. Jioni moja, watoto wakiisha kulala, baba na mama waketi mezani na daftari moja. Upande mmoja waandike kila kiingiacho, upande wa pili kila kitokacho, pamoja na pikipiki, mandazi, dawa na darasa la binti yao. Wakiona kwamba mama apate meza ndogo ya kuuza mlangoni, au arudi shambani, au ashike kazi ya mshahara naye baba achote maji, ni shauri lao wawili. Na msomaji anayeona tumekosea hesabu atuandikie, atuletee ya kwake. Twaomba tu asisahau kuandika ndani yake bia ya kila Jumamosi.