Saratani ya jicho kwa watoto: Alichogundua Knudson, na kwa nini bado tunachelewa

Ukimpiga mtoto wako picha kwa simu, flashi ikawaka, kisha ukaona mboni ya jicho moja imeng'aa nyeupe kama ya paka usiku, usiifute picha hiyo. Nenda nayo hospitali.

Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho, au tatizo jingine la macho. Lakini unaweza pia kuwa retinoblastoma, saratani inayoanzia kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Wiki hii nataka tuitazame kupitia kazi ya mtafiti mmoja wa Marekani, Alfred Knudson, kwa kuwa swali lililomshughulisha ndilo wanalouliza wazazi wengi wakipewa majibu: hii imetoka wapi?

Knudson alizaliwa Los Angeles mwaka 1922. Alikuwa daktari wa watoto, kisha akarudi darasani kusoma hadi shahada ya uzamivu. Wakati huo ilijulikana kwamba watoto wengine huugua jicho moja na wengine yote mawili, na kwamba katika baadhi ya familia ugonjwa hujirudia. Sababu ndiyo iliyokuwa haijulikani. Akiwa Houston, Knudson alichukua taarifa za wagonjwa 48, akalinganisha umri waliogundulika, akapiga hesabu. Hakuwa na mashine ya kusoma jeni. Nawaambia hili wale wanaoona majalada ya hospitali kuwa mzigo wa makaratasi.

Watoto waliougua macho yote mawili walikuwa wamegundulika wakiwa wadogo zaidi. Kwa nini? Fikiria baiskeli yenye breki mbili. Ikikatika moja bado utasimama. Zikikatika zote, unateremka mlima bila kizuizi. Kila seli ina nakala mbili za jeni ya kuizuia isizaliane ovyo, moja ya baba na moja ya mama. Mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi huzaliwa breki moja ikiwa imeshakatika katika seli zote za mwili, hivyo inabaki moja tu. Kwa mwingine ni lazima zote mbili zikatike baadaye katika seli ileile ya jicho, jambo ambalo ni nadra na huchukua muda. Knudson aliichapisha nadharia hiyo ya mapigo mawili mwaka 1971. Mwaka 1986 Thaddeus Dryja, daktari wa macho wa Boston, na wenzake wakaipata jeni yenyewe, RB1, kwenye kromosomu ya 13. Knudson alifariki mwaka 2016, na leo wazo lake limo katika utafiti wa saratani nyingi, si ya jicho pekee.

Sasa turudi nyumbani. Breki iliyokatika inaweza kutoka kwa baba, inaweza kutoka kwa mama, na mara nyingi huanzia kwa mtoto mwenyewe bila mzazi yeyote kuwa nayo. Kwa hiyo mama anayenyooshewa kidole na mawifi anaonewa, na jirani anayeshukiwa uchawi hana hatia.

Tatizo letu ni muda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliohusu watoto 4,351 kutoka nchi 153, ulionyesha kuwa katika nchi tajiri nusu ya watoto walikuwa wamegundulika kabla ya kutimiza miezi 15. Katika nchi maskini ilikuwa baada ya miaka miwili na nusu, na karibu nusu yao saratani ilikuwa imeshatoka nje ya jicho. Kule, zaidi ya watoto 95 kati ya 100 hupona.

Ukipewa rufaa kwenda hospitali kubwa kama Muhimbili au KCMC, nenda wiki hiyohiyo. Ugonjwa ukiwa mdogo, daktari anaweza kuliokoa jicho kwa leza, kugandisha uvimbe au dawa za saratani. Ukiwa umeendelea, huenda akashauri jicho liondolewe. Hapo ndipo wazazi wengine humbeba mtoto na kutoweka, kisha hurudi baada ya miezi uvimbe ukiwa umetokeza nje. Nauelewa uchungu huo. Lakini mtoto mwenye jicho moja husoma, hucheza na hukua.

Na usimpeleke mgonjwa peke yake. Kipimo cha jeni hakipatikani kirahisi kwetu, basi omba wadogo zake wote wachunguzwe macho hata kama hawana dalili, na kila atakayezaliwa baadaye apelekwe katika wiki zake za mwanzo. Wewe mzazi uliyeugua utotoni ukapona, mweleze daktari mapema: kama ugonjwa wako ulikuwa wa kurithi, kila mtoto wako ana nafasi moja kati ya mbili ya kuipokea jeni hiyo.