Mume Kaanza Kukusanya Vinyago, na Harusi Imekaribia



Dada yetu aliyeolewa Dodoma ametuuliza jambo zito. Mumewe kafanya biashara ya alizeti miaka mingi, sasa duka kawaachia watoto. Pesa na muda wake vimehamia kwenye sanaa: ananunua vinyago vya mpingo, na mwenyewe kaanza kuchonga vichwa vya watu. Sebule imejaa. Binti yao anaolewa Mfunguo Tatu, na mama anataka kuvichoma kabla wageni hawajafika.

Sisi tunasema asichome.

Sebuleni havikai, hapo hatupunguzi neno. Hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye masanamu kila aliyepita chuoni anaijua. Lakini mali ni ya mume, na kuichoma kwa siri ni kosa jengine. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na pazia lenye picha, Mtume (S.A.W.) akachukizwa nalo. Pazia halikutiwa moto. Lilikatwa, likawa mito ya kuegemea.

Mume anajitetea kwa michoro ya miambani Kondoa, ya watu na wanyama, ambayo UNESCO iliitia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Ni kweli, baba, lakini ile iko mwambani Kolo. Hakuna anayelala nayo.

Wala tusimcheke mtu mzima anayeanza jambo jipya. Joseph Murumbi wa Kenya aliacha umakamu wa rais mwaka 1966, akaingia kwenye biashara. Mwaka 1972, keshapita miaka sitini, yeye na Alan Donovan wakafungua African Heritage, jumba la sanaa Nairobi. Vingi alivyokusanya leo viko kwenye jumba la Kumbukumbu za Taifa la Kenya, na watu wanakwenda kuvitazama na kusoma. Huko ndiko nyumbani kwao.

Basi mama azungumze na mumewe kwa upole, baada ya chakula, si mbele ya wakwe. Vinyago vya watu viende makumbusho. Mkono wa mzee usikatwe, uhamie kwenye marufaa ya Msahafu, milango ya nakshi, vigoda. Na aanze na kasha la binti, lenye njumu za shaba, la kuwekea kanga zake. Muda unatosha, akianza wiki hii.