Ushahidi Uko Machimboni

Swali ambalo kuta za Wainka mjini Cusco na chumba cha mfalme ndani ya piramidi ya Khufu huko Misri huwaibulia watu wanaozitazama ni swali la haki: mafundi wasiokuwa na chuma waliwezaje kuchonga mawe magumu kiasi hicho, wakayapanga bila saruji, na kuacha viungo ambavyo hata wembe haupenyi? Maandishi mengi yametungwa kulijibu, na kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya maandishi hayo imekimbilia majibu yasiyodai ushahidi wowote, kama vile mashine zilizopotea, dawa za kulainisha miamba, au wageni wenye elimu ambao hawakuacha hata kigae. Hoja ya toleo hili ni kwamba wengi wametafuta jibu mahali pasipo pake. Ukuta uliokamilika huficha namna ulivyojengwa, kwa sababu fundi hodari husawazisha alama za kazi yake kabla ya kuikabidhi. Kwa hiyo anayetaka kujua kazi ilifanywaje hana budi kwenda machimboni, akatazame jiwe lililopasuka, lililoachwa njiani au lililokatwa kombo.

Machimbo ya Aswan, kusini mwa Misri, ndiyo mahali bora pa kuanzia. Humo imelala obeliski, yaani nguzo ndefu ya jiwe moja, yenye pande nne na ncha iliyochongoka, ambayo haikuwahi kutolewa mwambani. Urefu wake ni takriban mita 42, na uzito wake unakadiriwa kuzidi tani 1,000, kiasi kwamba kama kazi ingekamilika ingezipita obeliski zote zilizopata kusimamishwa Misri. Nyufa zilizojitokeza ndani ya itale, jiwe gumu lililotokana na mwamba ulioyeyuka ukaganda polepole chini ya ardhi, ziliwalazimu mafundi kuiacha, na wataalamu wengi wanaihusisha na enzi ya Hatshepsut, malkia aliyetawala kwa cheo cha Firauni katika karne ya 15 kabla ya Kristo. Hasara yao imewafaa wanahistoria kuliko ushindi wao wote. Kuizunguka nguzo kuna mitaro myembamba ambayo kuta zake zimejaa vibonde vya mviringo vinavyofuatana, ishara kwamba mwamba ulipondwa, haukukatwa. Katika machimbo hayohayo yameokotwa matufe ya doleriti, jiwe jeusi, zito na gumu, mengine yakiwa yamevunjika kwa matumizi. Na juu ya kuta za mitaro bado ipo mistari ya rangi nyekundu iliyopigwa ili kupima kina kilichofikiwa.

Reginald Engelbach, aliyeichunguza nguzo hiyo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1922, alishika tufe la aina hiyo akaponda mwenyewe, akaona kwamba saa moja ya kazi ilishusha uso wa mwamba kwa takriban milimita 5. Mwendo huo unakatisha tamaa mpaka ikumbukwe kwamba mitaroni hakuwamo mtu mmoja, bali safu ya watu waliokaa karibukaribu, kila mmoja akiwa na kipande chake, na kwamba msimamizi aliyepiga ile mistari myekundu alijua kila kipande kimefika wapi.

Kukata na kutoboa kulihitaji maarifa mengine. Shaba ni laini kuliko itale, na hoja hiyo hurudiwa mara kwa mara kana kwamba inamaliza mjadala, ilhali msumeno wa shaba haukutegemewa kukata wenyewe: mchanga uliomwagwa chini yake ndio uliokata, kwa kuwa chembe zake za kwatzi zina ugumu wa kutosha kulisaga jiwe pindi zinaposuguliwa na metali hiyo laini. Flinders Petrie, aliyepima mapiramidi ya Giza kati ya 1880 na 1882, aliamini kwamba misumeno na keekee za bomba, yaani vitoboleo vyenye umbo la mwanzi, zilipachikwa vito vigumu. Alfred Lucas, mkemia aliyefanya kazi Misri, alilipinga wazo hilo na kuutetea mchanga, na baadaye Denys Stocks wa Manchester alitengeneza upya vifaa hivyo vya shaba, akavitumia pamoja na mchanga mkavu, akatoboa na kukata itale. Kazi ilikwenda polepole na shaba ililika sana, lakini jiwe lilikatika.

Hata hivyo Petrie ndiye aliyeacha maelezo yenye thamani kuliko nadharia yake ya vito. Alipolichunguza sanduku la itale la Khufu, ambalo lingali ndani ya chumba cha mfalme, aliona kwamba upande wa kaskazini msumeno uliingia ndani kupita kiasi, mafundi wakaurudisha nyuma na kuanza upya, na bado mkato wa pili ukaenda kombo, ikabidi warudishe tena. Kosa hilo, lililofanyika zaidi ya miaka 4,500 iliyopita katika kazi ya mfalme mwenyewe, linastahili kufundishwa katika kila darasa la historia ya ufundi. Linaonyesha mikono ya watu waliokuwa wakiongoza kifaa kigumu kukiongoza, waliokosea, waliotambua kosa, na ambao bado waliweza kuweka kitako cha piramidi chenye upande wa takriban mita 230 katika usawa usiopishana kwa zaidi ya sentimita 2 hivi. Usahihi haukutoka kwenye kifaa kisichokosea. Ulitoka kwenye mazoea ya kupima na kusahihisha, kama inavyoonekana katika michoro ya kaburi la Rekhmire huko Thebes, ambamo waashi wanakagua uso wa jiwe kwa uzi uliovutwa kati ya vijiti: kijiti kingine chenye urefu uleule kikisogezwa chini ya uzi huo, kinaonyesha kila palipobaki kinundu.

Katika milima ya Andes, mbali na Misri kwa bahari na kwa karne nyingi, jibu lilipatikana kwa njia ileile ya kwenda machimboni. Jean-Pierre Protzen, mwalimu wa usanifu majengo katika chuo kikuu cha Berkeley, alichunguza machimbo ya Kachiqhata na Rumiqolqa yaliyotumiwa na Wainka, akakuta humo mawe ya kugongea, ya ukubwa mbalimbali na ya aina isiyotoka hapo, maana yake yalibebwa kutoka mahali pengine kwa kazi hiyo maalumu. Aliyajaribu juu ya pande la andesaiti, jiwe la volkano, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1985 alieleza kwamba alisawazisha pande tatu na kuchonga kingo zake kwa muda wa dakika 90 tu. Alama za mapigo kwenye kuta za Wainka zinakubaliana naye, kwa kuwa ni kubwa katikati ya jiwe na ndogo karibu na kiungo, ambako fundi aliweka chini jiwe zito akashika jepesi. Pale mawe ya juu yalipoanguka, yale ya chini yanaonekana yamechimbwa kufuata umbo la jiwe lililokaa juu yake, kwa hiyo kila jiwe lilitengenezewa kitanda chake, likajaribiwa na kurekebishwa mpaka likae. Kati ya Kachiqhata na Ollantaytambo, yalikopelekwa mawe ya machimbo hayo, bado yamelala mawe ambayo hayakufika, na wenyeji wanayaita mawe yaliyochoka.

Fumbo linalobaki, na ambalo kwa maoni ya mhariri huyu ni kubwa kuliko la nyundo na msumeno, ni la utaratibu: nani aliwalisha watu hao, nani aliwafundisha, nani alihesabu siku zao? Mafunjo yaliyogunduliwa mwaka 2013 na kikosi cha Pierre Tallet huko Wadi al-Jarf, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, yanajibu kwa sehemu. Ndiyo mafunjo ya kale kuliko yote yaliyoandikwa ambayo yamepatikana mpaka sasa, na baadhi yake ni daftari la kazi la Merer, msimamizi aliyeongoza kikosi kilichosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza katika miaka ya mwisho ya Khufu, akiandika siku ya kupakia, siku ya safari na mahali pa kulala.

Kwa wasomaji wa Afrika suala la nani alijenga na kwa njia gani si la udadisi tu. Mwaka 1871 Carl Mauch alifika Great Zimbabwe, ambako kuta za itale zisizo na udongo wa kuunganishia hupanda hadi mita 11 hivi, akadai kuwa zinahusiana na Malkia wa Sheba. Richard Hall, aliyekabidhiwa utunzaji wa magofu hayo mwaka 1902, aliondoa matabaka ya udongo yenye mabaki ya wakazi Waafrika kwa kuyaona ni uchafu uliofunika kazi ya wageni, na hivyo akaharibu ushahidi uleule ambao ungejibu swali. David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walithibitisha kwa matabaka yaliyosalia kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Vilima vya jirani vingeweza kusema hivyo mapema zaidi, kwa kuwa itale yake hubanduka yenyewe kwa tabaka kutokana na joto na baridi, na wajenzi waliharakisha mbanduko huo kwa moto na maji, wakapata vipande vya unene unaokaribiana.

Pwani ya Waswahili nayo ilinyimwa mafundi wake kwa namna hiyohiyo, majengo yake yakihesabiwa kwa muda mrefu kuwa kazi ya Waarabu na Waajemi. Husuni Kubwa ya Kilwa, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na sultani al-Hasan bin Sulaiman, ina nakshi na maandishi yaliyochongwa juu ya tumbawe, yaani jiwe la matumbawe ya baharini, ambalo huchongeka kwa urahisi likiwa bichi na kuwa gumu likishakauka. Fundi aliyejua hivyo alijua miamba ya bahari yake, majira ya maji kupwa, na muda alionao kabla jiwe halijamkatalia. Wanaoikarabati miji ya mawe ya Lamu na Zanzibar hadi leo wanatumia chokaa na boriti, na ujuzi walio nao wa kuchoma, kulowesha na kusubiri haujaandikwa kwa kina kama Protzen alivyoyaandika machimbo ya Wainka. Mhariri anawaomba watafiti wa Kiswahili waianze kazi hiyo wangali wapo wa kuulizwa.