Wachungaji, tuhubirieni Biblia

Ndugu Mhariri,

Siku hizi baadhi ya wachungaji wa Kiprotestanti hapa Dodoma husoma mstari mmoja, hufunga Biblia, kisha mahubiri yote ni "mwalimu fulani wa redioni amesema".

Wamisionari wa CMS walifungua kituo Mpwapwa mwaka 1878. Maandiko yakatafsiriwa kwa Kigogo ili wazee wetu wajisomee wenyewe. Leo mkulima wa Bahi aliyekosa mvua akiambiwa atoe "mbegu" ya fedha ndipo abarikiwe, atajuaje kama hilo ni neno la Mungu au la mwalimu huyo?

Watu wa Beroya walimpima hata Mtume Paulo kwa Maandiko (Matendo 17:11). Je, walimu hao wanamzidi Paulo? Wachungaji, fungueni Biblia.

Muumini,
Dodoma.